Kuiandaa nyumba kwa kukatika umeme kwa muda mrefu: anza na maji, si taa

Umeme wa Unguja unatoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Ras Fumba. Hitilafu ya Mei 2008 ilikiacha kisiwa gizani karibu mwezi mzima. Desemba 2009 umeme ukakatika tena, na safari hiyo haukurudi hadi Machi 2010. Waya mpya wa megawati 100 ulianza kazi 2013 na nafuu ni kubwa. Hata hivyo, kila ninapomfungia mtu umeme nyumbani humwambia ajiandae kwa wiki nzima, si kwa saa mbili.

Wengi hukimbilia kununua taa. Kinachoikaba nyumba kwanza ni maji, kwa sababu pampu zinazosukuma maji ya mfereji huendeshwa na umeme huo huo.

Hatua ya 1: Maji

Kadiria lita 20 kwa mtu kwa siku: kunywa, kupika, kutawadha, kuoga kwa kopo na choo. Watu sita wanahitaji lita 120, hivyo tangi la lita 1,000 litawafikisha siku nane. Lipandishe juu ya mnara ili maji yashuke yenyewe. Kama lako liko chini na hutegemea pampu, fungisha koki karibu na kitako chake, la sivyo utakuwa na maji usiyoweza kuyafikia. Asiye na tangi atumie madumu ya lita 20 yenye vifuniko, na ayajaze kila mfereji unapotoka bila kungoja tangazo.

Maji ya kunywa yatenge. Ya kisima chemsha mpaka yatokote vizuri, au tia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.

Hatua ya 2: Friji, friza na dawa

Friji isiyofunguliwa hutunza baridi kwa saa 4 hivi. Friza iliyojaa hufika saa 48, iliyojaa nusu ni saa 24. Kwa hiyo nafasi tupu za friza zijaze chupa za maji ili yagande. Umeme ukikatika, maliza kwanza vya kwenye friji. Samaki wa friza watoe kabla hawajalainika: wengine kaanga, wengine wapasue, watie chumvi na uwaanike wawe ng'onda. Chumvi ya kutosha iwepo ndani siku zote.

Mwenye insulini amuulize mfamasia sasa hivi dawa yake inakaa siku ngapi nje ya friji. Asiilaze juu ya barafu, maana insulini ikiganda imeharibika.

Hatua ya 3: Betri na sola

Hapa fanya hesabu kabla ya kwenda dukani. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini betri ya asidi usiimalize zaidi ya nusu, la sivyo itakufa mapema. Una 600 basi. Taa tano za wati 5 zikiwaka saa tano ni 125. Simu nne ni kama 60. Televisheni ya wati 40 kwa saa tatu ni 120. Jumla ni 305, yaani betri moja itakupa siku mbili bila kuchajiwa. Paneli ya wati 100 huingiza kama wati-saa 400 jua likiwa kali. Wakati wa masika tegemea nusu yake au chini ya hapo.

Nunua taa za volti 12 uziunganishe na betri moja kwa moja, maana inveta, yaani kifaa kinachougeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, nayo hula umeme. Fyuzi ikae karibu kabisa na ncha chanya ya betri. Friji na pasi usizitie kwenye hesabu hii.

Hatua ya 4: Jenereta

Hatua hii isome mara mbili. Jenereta ikae nje, angalau mita 6 kutoka milango na madirisha. Si barazani, si ukumbini, hata mvua ikinyesha. Moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua watu wakiwa usingizini, na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi hiyo hiyo.

Usichomeke jenereta kwenye soketi ya ukuta ili iwashe nyumba nzima. Umeme utatoka kupitia mita yako, utafika kwenye transfoma ya mtaa na kupandishwa hadi volti 11,000, wakati fundi wa shirika ameshika waya akiamini hauna kitu. Ana watoto wanaomngoja nyumbani. Fungisha swichi ya chenjiova, inayoitenga nyumba na waya wa shirika jenereta inapofanya kazi, kwa fundi mwenye leseni, au tumia waya wa kurefusha mpaka kwenye kifaa chenyewe.

Hatua ya 5: Fedha taslimu

Minara ya simu nayo hutegemea betri na mafuta, na ikizimika huwezi kulipa kwa simu. Weka noti ndogo ndogo za matumizi ya wiki moja.

Hatua ya 6: Umeme ukirudi

Umeme ukikatika tu, chomoa friji, televisheni na pampu, acha taa moja ya ukutani imewashwa ikupe habari. Ikiwaka, ngoja dakika 15, kwani mara nyingi hukatika tena au hupanda na kushuka. Kisha anza na pampu ujaze tangi, halafu friji, na vingine baadaye.