Gemu ileile kwa sharti jipya

Diski ya PES, gemu ya mpira wa miguu, au ya GTA San Andreas inayozunguka Kamalondo na Katuba, hapa Lubumbashi, hupita mikono mingi, na likizo kubwa inapoanza mwezi wa saba, karibu kila mwenye maneti (kidhibiti cha kuchezea) ameshaimaliza. Gemu mpya ni ghali, na kuipakua kwa megabaiti za simu ni ghali zaidi. Ila diski hiyohiyo ina mengi bado kwa anayekubali kujifunga: kuacha kitufe fulani, kukataa silaha fulani, kumhesabu kila anayeanguka kuwa amekufa kweli. Hapa tunaeleza namna ya kuandika sharti linaloshika, kisha masharti tunayoyapenda, na mahali yanapovunjikia.

Kuandika sharti

Anza na kile unachokitegemea kupita vyote. Kama kwenye PES kidole chako hakitoki R1, kitufe cha kukimbia, ondoa R1. Kama kila unapofungwa unarudi kwenye faili ya zamani, ondoa kurudi. Sharti la namna hiyo linakulazimisha kutafuta njia nyingine tangu dakika ya kwanza. Kupandisha ugumu mpaka adui anameza risasi mia hakukufundishi kitu: unafanya yaleyale kwa muda mrefu zaidi. Kipimo chetu ni saa moja. Cheza saa moja, na kama hakuna uamuzi hata mmoja uliobadilika kwa sababu ya sharti, lifute uandike lingine.

Liandike kwenye daftari, kwa peni, kabla ya kuwasha. Maneno yataje kitufe au kitendo, yasitaje nia. "Nitacheza kwa haki" haikushiki ukiwa umefungwa mbili bila na zimebaki dakika kumi. "Sitabonyeza R1 mpira ukiwa mchezoni" inaeleweka, na mdogo wako aliyeketi pembeni anaweza kukusimamia.

Wachezaji wa Super Mario 64 (1996) wanaojinyima kitufe cha A, kile cha kuruka, wanaonyesha maneno yanavyoweza kuwa makali. Wao hugawa mbonyezo mmoja sehemu tatu: kidole kushuka, kidole kushikilia, kidole kuachia. Kuna mahali panapohitaji kushikilia tu, kwa hiyo mtu akiingia humo kitufe kikiwa kimeshashikiliwa tangu nje, anahesabiwa nusu. Baada ya hapo hakuna ubishi. Ukiona wewe na wenzako mnabishana juu ya sharti, ni maneno yake yana tundu. Zibeni tundu kabla ya mechi inayofuata, msizibe katikati ya mechi.

Chini ya sharti andika adhabu ya kulivunja bila kukusudia. Vidole vina mazoea yake, na siku mbili za kwanza vitateleza. Kufuta kazi yote kwa kosa moja kunamfanya mtu aache. Tunapendekeza makosa matatu kwa msimu au kwa sura, la nne linakurudisha mwanzo wa msimu au sura hiyo.

Delestaji

Huku kwetu sharti lisilosema lolote kuhusu delestaji, yaani mgao wa umeme, halijakamilika. Umeme ukikatika PS2 ikiwa inaandika kwenye memori kadi, faili nzima inaweza kuharibika. Weka faili mbili na ubadilishane, leo ya kwanza, kesho ya pili. Memori kadi ya kawaida ya PS2 ina megabaiti 8 tu, kwa hiyo safisha za zamani mapema, usingoje ujumbe wa kukosa nafasi uje saa ya kuhifadhi.

Kwa mpira, kanuni yetu ni hii: mechi iliyokatwa na umeme inarudiwa kwa kikosi kilekile na mpangilio uleule, na kikosi kinaandikwa daftarini kabla ya kila mechi. Bila maandishi hayo, anayefungwa ataombea giza lije, kisha atarudi na washambuliaji wanne. Anayezima kwa mkono wake msimu wake umekwisha, hata kama anasema alijikwaa kwenye waya.

Wanaopenda kupima muda wapime kwa saa ya ndani ya gemu. Pokémon, gemu ya kukamata viumbe na kuwapiganisha, huonyesha saa na dakika kwenye kadi ya mchezaji, na hesabu hiyo inakwenda pamoja na faili. Saa ya simu inafaa tu kwa gemu inayoisha kabla umeme haujaondoka.

PES: Castolo mpaka mwisho

Kwenye Master League, sehemu ya PES ya kuongoza klabu msimu kwa msimu, timu mpya hupewa wachezaji wa kubuni ambao kila mtu huwauza haraka: Castolo mbele, Minanda katikati, Ivarov golini, Ximelez na wenzao. Sharti ni kutonunua, kutoazima na kutobadilishana mchezaji yeyote mpaka utwae ubingwa wa ligi. Shusha ugumu ngazi moja chini ya ule uliouzoea. Utaupandisha msimu wa pili.

Linalowaangusha wengi ni uchovu. Mtu anapanga kumi na mmoja walewale kila mechi, na kufika katikati ya msimu wote wanatembea. Badilisha watatu au wanne kila mechi hata ukiwa unashinda. Fuata mishale ya hali ya mchezaji: mwekundu unaoelekea juu anaanza, unaoelekea chini anakaa benchi, hata awe Castolo mwenyewe. Kwa kuwa hawana mbio, usiwapigie pasi ya pembetatu nyuma ya mabeki wa timu kubwa, watafikiwa. Cheza X fupi, na L1 pamoja na X kwa pasi ya nipe nikupe. Mpigaji anakimbia mbele mwenyewe, na hapo ndipo nafasi hutoka.

Ukilimaliza hilo, ongeza kukataza mraba ukiwa unalinda. Mraba humwita mwenzako wa pili akakabe, na watu wengi huushikilia mfululizo. Beki aliyeitwa huacha shimo nyuma yake, ila kompyuta ikishindwa kulitumia unadhani unalinda vizuri. Bila mraba inabidi umsogeze beki wako mwenyewe kwenye njia ya pasi na kungoja. Wiki ya kwanza utafungwa sana. Hakuna sharti la mpira tunaloliamini kuliko hili, kwa sababu ukirudi kucheza na watu, mabeki wako hawatoki tena ovyo.

Sharti fupi la siku moja: njia ya Mazembe, klabu ya Lubumbashi, kwenye Kombe la Dunia la Vilabu la 2010. Kwenye sehemu ya kuhariri tengeneza timu yenye mistari myeupe na myeusi, mchezaji yeyote asipite 75 kwenye kipimo chochote. Cheza mechi tatu mfululizo, bila kurudia hata moja: Pachuca ya Meksiko, Internacional ya Brazili, kisha Inter ya Milano. Mwaka ule Mazembe waliwafunga Pachuca 1-0 na Internacional 2-0, wakapoteza fainali 3-0. Diski isiyo na timu za Amerika itumie timu mbili zenye nguvu kama hizo. Ukifungwa ya kwanza, siku imekwisha. Shabiki wa Lupopo, wapinzani wa Mazembe mjini, avae bluu na njano, masharti hayabadiliki.

Nuzlocke: anayezimia amekufa

Sharti hili lilizaliwa 2010 kwa mchoraji wa katuni aliyekuwa akicheza Pokémon Ruby, na mpaka leo ndilo linalobadilisha gemu kupita yote. Kanuni zake za msingi ni mbili. Pokémon akizimia, amekufa: anaachiliwa au anafungiwa kwenye sanduku milele. Na katika kila eneo unaruhusiwa kumkamata wa kwanza tu unayekutana naye. Akikimbia au ukimuua, eneo limefungwa. Desturi ya tatu ni kumpa kila mmoja jina, na usiiruke. Aliyepewa jina la shangazi yako hutampeleka kufa kizembe.

Tuchukue FireRed ya 2004. Kanuni ya kukamata inaanza pale Profesa Oak anapokupa Poké Ball tano za kwanza. Wale uliokutana nao kabla hawahesabiki. Ukikutana na aina uliyonayo tayari, ruhusu kutafuta mwingine, la sivyo utajaza Pidgey na Rattata. Kwenye mipangilio, badilisha mtindo wa vita kutoka Shift kwenda Set, ili usipewe nafasi ya bure ya kubadilisha kila adui anapoanguka.

Kisha weka dari ya kiwango: hakuna wako anayepita kiwango cha Pokémon mkubwa wa kiongozi anayefuata, yaani mkuu wa ukumbi unayetakiwa kumshinda ili usonge mbele. Kwa FireRed dari ni hizi: Brock 14, Misty 21, Lt. Surge 24, Erika 29, Koga 43, Sabrina 43, Blaine 47, Giovanni 50, na bingwa wa mwisho 63. Bila dari, mtu hufuga mmoja mpaka awe jitu na sharti linakufa. Angalia kuruka kutoka 29 mpaka 43. Ramani inafunguka, unaweza kwenda pande nyingi, na wengi hufika kwa Koga na timu iliyopanda bila mpangilio: wawili wa 43 na wanne wa 32. Pandisheni wote sita pamoja, tofauti isizidi viwango vitatu.

Aliyeanza na Charmander ana shida kwa Brock, moto haufui dafu kwa mawe. Tafuta Mankey njia ya 22, au ngoja Charmander afike 13 ajifunze Metal Claw. Dari ni 14, kwa hiyo nafasi ni finyu, usimpoteze kwa wapita njia.

Vifo karibu vyote vinatoka mahali patatu. Cha kwanza ni pigo la bahati: katika kizazi hiki cha gemu za Pokémon hutokea karibu mara moja kwa 16 na huzidisha madhara mara mbili. Kwa hiyo hesabu daima hivi: pigo kubwa la adui mara mbili, je, wangu anabaki? Kama habaki, mtoe sasa. Cha pili ni sumu. Kwenye gemu hizi sumu inaendelea kula nje ya vita, kila baada ya hatua chache, na inaua. Weedle wa msitu wa Viridian wameua timu nyingi kwa njia hiyo. Beba Antidote (dawa ya sumu) tatu kabla ya kuingia. Cha tatu ni wanaojilipua: Voltorb, Geodude, Koffing. Katika kizazi hiki mlipuko hukata ulinzi wa anayepigwa nusu, kwa hiyo hata mwenye afya kamili anakwenda. Mpeleke Gastly, ambaye ni mzimu, au ndugu zake. Shambulio hilo ni la aina ya Normal na mizimu haiguswi nalo.

Anayecheza kwenye simu kwa emuleta, programu inayoiga mashine ya gemu, ajikataze faili za papo hapo, zile za kuhifadhi na kurudi wakati wowote. Ahifadhi kwa menyu ya gemu tu. Kuongeza kasi kunafaa ukitembea nyasini, lakini vitani irudishe kasi ya kawaida, kwani kidole kinachogonga A haraka huchagua shambulio la kwanza hata pale ulipotaka kubadilisha. Na simu ikizimika: aliyekufa kabla ya kuzimika anabaki amekufa, hata faili ikimrudisha hai. Uliyemkamata akapotea na faili, unaruhusiwa kutafuta aina ileile tu katika eneo lile.

Mengine kwa ufupi

Dark Souls (2011): anza na Pyromancer, mchawi wa moto ambaye pekee huanzia kiwango cha 1, na usipande kiwango kamwe. Inawezekana kwa sababu nguvu ya moto wake hufuata uboreshaji wa mwali anaoushika mkononi, haitegemei takwimu zako. Peleka roho zote kwenye mwali. Elden Ring (2022) ina mhusika aitwaye Wretch anayeanzia 1 pia. Kwake boresha silaha.

San Andreas: marufuku kununua silaha kwenye duka la Ammu-Nation na marufuku misimbo ya siri ya kudanganya gemu. Jipe vifo kumi kwa gemu nzima, kwa kuwa kila kifo kinakunyang'anya silaha na ndipo sharti linapouma. Usijiwekee "kutoua kabisa": misheni kadhaa hazifunguki bila kuua, na utakwama bila kosa lako.

Kwa ndugu wawili wenye vifaa viwili, kuna Nuzlocke ya kuunganishwa. Mnacheza toleo moja au mawili yanayolingana. Mnayemkamata kila mmoja katika eneo moja wanakuwa pacha, na pacha mmoja akifa, wa upande wa pili anafungiwa naye. Mmoja akikosa kumkamata, mwenzake anamwacha wake. Pacha hukaa timuni pamoja au sandukuni pamoja. Andikeni jozi zote kwenye daftari moja, eneo upande wa kushoto, majina mawili katikati, kiwango cha kifo kulia. Hakuna anayemkabili kiongozi kabla mwenzake hajafika mlangoni. Na mmoja akikatikiwa na umeme, mwingine anahifadhi na kuweka kifaa chini mpaka urudi.