Tangi la sikilidi wa makombe: anza na mchanga

Samaki ninaowapenda kuliko wote ni Neolamprologus multifasciatus, sikilidi (jamii ya samaki, kwa Kiingereza cichlid) wa Ziwa Tanganyika, dume lake likiwa na sentimita 4 au 5 tu. Ziwani huishi ndani ya makombe matupu ya konokono aitwaye Neothauma. Kwa hiyo tangi lao ni mchanga na makombe, mengine nyongeza.

Tangi la lita 60 linatosha kundi dogo. Osha mchanga laini mpaka maji yatoke safi, kisha utandaze kwa kina cha sentimita 5 au zaidi. Kokoto achana nazo, maana hawa huchimba kwa mdomo. Nimekaa kitako jioni nzima nikimtazama jike mmoja: anabeba mchanga mdomoni, anautema pembeni, anarudi tena, hadi kombe likazama likabaki tundu tu.

Makombe yawe mawili au matatu kwa kila samaki. Yachemshe kwanza. Usihangaike kuyapanga, watayapanga wenyewe.

Maji yawe magumu, yaani yenye madini mengi, pH (kipimo cha asidi) kati ya 8 na 9, joto nyuzi 24 hadi 27. Washa chujio wiki kadhaa kabla, na usiingize samaki mpaka amonia na naitraiti (nitrite), sumu zitokanazo na uchafu majini, zisome sifuri kwenye kipimo. Hapo nakuomba usiwe na haraka. Kundi langu la kwanza niliingiza siku ya tatu, wakafa wote.

Wakishazoea, usiinue kombe hata moja. Vifaranga wamo humo.