Kiholanzi: omdat, dat na wenzake, kitenzi kinakaa wapi?

Naandika hii baada ya kukaa na mpwa wangu anayejiandaa na Staatsexamen NT2, mtihani wa taifa wa Kiholanzi kwa wageni. Maneno anayo kibao ila kila sentensi anaipanga Kiingereza, na Kiswahili nacho hapa hakimwokoi.

Hatua ya 1. Sentensi ya kawaida, kitenzi nafasi ya pili. Ik werk morgen. Morgen werk ik. Kama hii bado inakusumbua malizana nayo kwanza.

Hatua ya 2. Gawa viunganishi mafungu mawili. En (na), maar (lakini), want (kwa sababu), dus (kwa hiyo) havikugusi, kitenzi kinabaki nafasi ya pili: Ik blijf thuis, want ik ben ziek. Omdat (nayo ni kwa sababu), dat (kwamba), als (kama), toen (wakati ule), terwijl (huku), hoewel (ingawa), voordat (kabla) vinasukuma kitenzi mwisho: Ik blijf thuis omdat ik ziek ben. Of iko kotekote, ukiuliza "chai au kahawa" ni fungu la kwanza, lakini Ik weet niet of hij komt (sijui kama anakuja) ni la pili. Kuna wanaoshauri utumie want tu badala ya omdat ukwepe balaa, mimi hapana, maana dat utaikwepaje? Kwa Kiingereza unaimeza tu, Kiholanzi lazima uiseme: Ik denk dat hij komt.

Hatua ya 3. Vitenzi vikiwa viwili au zaidi. Hapa ndo jioni nzima inaishia. Kwanza vile vinavyokatika vipande viwili, kama opbellen (kupiga simu), Ik bel je op, vikifika mwisho vinaungana tena: omdat ik je opbel, ila ikiingia te (kama to ya Kiingereza) inapenya katikati, om je op te bellen. Halafu wakati uliopita, utakuta omdat ik gewerkt heb na omdat ik heb gewerkt, usigombane na mtu, zote sahihi, Waholanzi wenyewe wanaziita mpangilio wa kijani na mwekundu na tovuti ya ushauri wa lugha Taaladvies.net wamelieleza vizuri. Mimi nafundisha huo mwekundu (heb gewerkt) kwa sababu moja tu, ukija kwenye moet, kan, wil mpangilio unabaki uleule: omdat ik moet werken. Moet na wenzake wakiingia wakati uliopita pamoja na kitenzi kingine, vitenzi vinakuwa vitatu na umbo lao la ge- linapotea, unasema omdat ik heb moeten werken, sio gemoeten, hata kama kanuni uliyokariri inakuambia hivyo. Na "mwisho" sio mwisho kabisa kila mara, kipande chenye in, op, met kinaweza kuja nyuma ya kitenzi, omdat ik gewerkt heb in Utrecht inakubalika, lakini yambwa (kile kinachotendwa, kama een boek, kitabu) hairuhusiwi kukaa huko. Omdat ik lees een boek ni Kiingereza kilichovaa nguo za Kiholanzi. Sema omdat ik een boek lees.

Hatua ya 4. Ukianza na omdat, vitenzi vinakutana kwenye mkato: Omdat ik ziek ben, blijf ik thuis. Basi.

Mazoezi: zile app za kupanga vigae vya maneno sizipendi, maneno unapewa tayari sasa unajifunza nini. Chukua karatasi, washa Jeugdjournaal ya NOS, shirika la utangazaji la Uholanzi (ni habari za watoto, lugha yake nyepesi), andika sentensi unazozisikia, zungushia vitenzi. Halafu kila yenye want igeuze mara mbili. Mfano Ik kom laat, want ik heb de trein gemist inakuwa Ik kom laat omdat ik de trein heb gemist, kisha Omdat ik de trein heb gemist, kom ik laat. Isome kwa sauti mpaka ulimi uache kujikwaa pale kwenye gemist, kom.