Brussels kwa mtu wa kwetu: Tervuren kwanza, kisha lambic

Mtu wa kwetu anayeishi Ulaya akiniuliza aanze na makumbusho gani, jibu langu ni Tervuren, nje kidogo ya Brussels, hata kabla ya Louvre ya Paris. Makumbusho ya Afrika yaliyoko pale yamejaa vitu vya Kongo, Ziwa Tanganyika na majirani zake, na msomaji wa Kiswahili huingia akiwa na faida ambayo wageni wengi hawana: majina mengi ya watu na mahali anayatambua bila kuelezwa na mtu.

Hati kwanza. Mwenye kibali halali cha ukaazi cha nchi ya Schengen, tuseme Ujerumani au Uholanzi, hahitaji viza ya Ubelgiji kwa matembezi mafupi, ila abebe kibali pamoja na pasipoti. Aliyeko Uingereza kwa pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji viza ya Schengen, hata kama kibali chake cha Uingereza ni cha kudumu. Iombe kabla ya kulipia tiketi. Kutoka London, treni ya Eurostar hutumia takriban saa mbili kufika kituo cha Brussels-Midi.

Kwenda Tervuren, panda metro hadi Montgomery, kisha tramu namba 44 mpaka mwisho wa njia. Tramu hiyo hukatiza msitu wa Soignes, na watoto huifurahia. Jumatatu makumbusho hufungwa. Maelezo yako kwa Kifaransa, Kiholanzi, Kijerumani na Kiingereza. Kula kwanza, na tenga angalau saa tatu, maana kuna mengi ya kusoma na mengine ni mazito.

Mwaka 1897 Mfalme Leopold II alifanya maonyesho ya ukoloni hapo, na Wakongo 267 wakaletwa kuonyeshwa kwa umma. Saba kati yao walifia Ubelgiji, na makaburi yao yako kando ya kanisa la Tervuren. Nenda ukasimame pale kidogo. Ni karibu, kwa miguu tu. Jengo la makumbusho lilifunguliwa 1910, likafungwa 2013 kwa ukarabati mkubwa, likafunguliwa tena Desemba 2018. Ndani ya ukumbi wa duara, sanamu za kuusifu ukoloni bado zimo kwa sababu jengo linalindwa kisheria. Katika ukumbi huohuo sasa kuna kichwa kikubwa cha mtu, kazi ya Aimé Mpane, msanii wa Kongo.

Kuna kitu kimoja ambacho ningependa kila Mtanzania akiulizie: sanamu ya mti iliyokuwa ya Lusinga, chifu wa Watabwa. Émile Storms, ofisa wa Kibelgiji, alikuwa na ngome Karema, upande wetu wa Ziwa Tanganyika, na nyingine Mpala, ng'ambo ya pili. Desemba 1884 rugaruga, yaani wapiganaji wa kukodi, aliowatuma walivamia kijiji cha Lusinga, wakamuua na kumkata kichwa. Sanamu ilichukuliwa nyara, na fuvu lake nalo Storms akaondoka nalo hadi Ubelgiji. Vitu vya makumbusho huhamishwa, kwa hiyo waulize wahudumu sanamu iko wapi. Mbele ya kila kabati uliza pia kitu hicho kilifikaje hapo: kilinunuliwa, kilitolewa zawadi, au kiliporwa? Una haki ya kuuliza hivyo kwa sauti.

Vinywaji viache mpaka urudi mjini. Utamaduni wa bia wa Ubelgiji uliingizwa katika orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2016, na bia ya Brussels hasa ni lambic. Kiwanda cha Cantillon kilianza mwaka 1900, kiko Anderlecht, si mbali na kituo cha Midi, na chenyewe ni makumbusho: unatembea katikati ya mapipa, kisha unaonja. Lambic hupikwa kwa kimea cha shayiri na ngano mbichi, katika miezi ya baridi tu. Uji wake humwagwa kwenye sinia pana la shaba na kuachwa wazi usiku kucha, ili hamira ya hewani iingie yenyewe. Baadaye hukaa kwenye mapipa, hata miaka mitatu. Ukichanganya lambic changa na iliyokomaa, kisha ukaiacha ichachuke tena ndani ya chupa, unapata gueuze. Ni kali kwa uchachu, na mtu aliyezoea mbege ataielewa haraka kuliko aliyezoea bia tamu za dukani. Kunywa polepole, funda la kwanza halitoshi kuihukumu.

Angalia asilimia ya kilevi. Tusker ina 4.2, Westmalle Tripel, inayotengenezwa kwenye monasteri chini ya usimamizi wa watawa, ina 9.5. Glasi mbili za hiyo zinakutosha, na usishike usukani.

Kwa asiyekunywa, tahadhari zaidi inahitajika. Kriek ni nyekundu na inanukia cheri, lakini ni lambic iliyolowekwa matunda, si juisi. Nyama ya mchuzi wanayoiita carbonade hupikwa kwa bia, na baadhi ya chokoleti zina pombe ndani. Uliza kabla ya kuagiza. Nenda Matongé, mtaa wa Wakongo karibu na Porte de Namur, ambapo tangu 2018 kuna uwanja wenye jina la Patrice Lumumba. Huko ulizia juisi ya tangawizi. Mara nyingi utahudumiwa kwa Kilingala au Kifaransa, ila Kiswahili cha Goma au Lubumbashi nacho husikika.

Ukinunua gueuze ya kupeleka nyumbani, ifunge kwa nguo nzito na uiweke kwenye begi la kukabidhi, kwa sababu ina gesi nyingi kama shampeni na haitapita ukaguzi wa begi la mkononi uwanja wa ndege. Nyumbani iweke gizani, mahali pa baridi.