Kutibiwa Tanga bila kuzungushwa: uanzie wapi, ubebe nini

Mtu wa Tanga mjini akiumwa, mguu wake unamtuma Bombo. Lakini Bombo ni hospitali ya rufaa ya mkoa. Ukienda na mafua ya siku tatu, mbele yako utawakuta waliotoka Handeni, Lushoto na Pangani na barua zao mkononi, na ndio wanaostahili kutangulia. Malaria, mkojo, presha, sukari na kipimo cha ujauzito vyote vinapatikana zahanati ya kata. Ikishindikana hapo, panda kituo cha afya: Makorora, Ngamiani, Mikanjuni au Pongwe, kutegemea unakaa wapi. Usiku usihangaike na zahanati, nyingi zinakuwa zimefungwa. Nenda kituo cha afya chenye wodi.

Mwenye bima ana sababu nyingine ya kuanzia chini, nayo ni barua ya rufaa. Kabla hujatoka kwa daktari aliyekuandikia, isome palepale mlangoni: tarehe, muhuri, saini, jina la mwandishi, na jina lako herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye kadi. Kadi ikisema Mwanahamisi na barua ikisema Mwanaamisi, utapanga foleni ya dirisha la bima ndipo uambiwe urudi ulikotoka. Kuhusu viwango vya kujiunga, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 imekuja kubadilisha mpangilio wa zamani, kwa hiyo ulizia ofisi ya mtendaji wa mtaa au NHIF (Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya). Usipige hesabu kwa alicholipa jirani mwaka juzi.

Anayelipa taslimu ataandikiwa kumbukumbu namba ya malipo (control number), tarakimu 12. Lipa kwa simu au kwa wakala, na usiufute ujumbe wa kuthibitisha mpaka umemaliza maabara na dawa. Anayekuomba umpe hela mkononi "akusaidie kulipia", mwambie akupe namba.

Wajawazito, watoto chini ya miaka 5 na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wana msamaha katika vituo vya serikali. Mzee abebe kitambulisho chenye tarehe ya kuzaliwa, na aulizie dirisha la wazee badala ya kukaa foleni kuu. Asiye na uwezo na hayumo katika makundi hayo anaanzia kwa mtendaji wa mtaa kupata barua, kisha anaipeleka kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Wengi wanaharibu kwenye muda: wanafuata barua siku ya kuruhusiwa, bili ikiwa imeshafungwa, na ndugu wanaanza kukimbizana. Mgonjwa akilazwa asubuhi, mtu mmoja wa familia awe kwa mtendaji mchana huohuo.

Sukari na presha ndiyo maradhi yanayopimwa ovyo kuliko yote. Sukari ya kufunga inataka saa 8 bila chochote isipokuwa maji, kwa hiyo kahawa na kashata za barazani zisubiri. Kuanzia 7.0 mmol/L kwa aliyefunga ni dalili ya kisukari, na kipimo kitarudiwa siku nyingine kuhakikisha. Kama umeshakula, sema. Namba hiyohiyo ina maana tofauti kwa aliyekula, na ukinyamaza unaweza kuandikiwa dawa usizozihitaji. Kwa presha, kaa kitini dakika 5 umeegemea, miguu chini, usivuke mguu juu ya mguu, kibofu kiwe kitupu. Nusu saa kabla ya hapo usinywe kahawa wala kuvuta sigara. Mkono uwe wazi, umelazwa mezani usawa wa moyo. Mkanda ukifungwa juu ya shati nene au mkono ukining'inia, kipimo kinadanganya. Ikisoma 140/90 au zaidi, pumzika, pima tena, na urudi siku nyingine kabla hujaitwa mgonjwa wa presha. Ukishaanzishiwa dawa, si dozi ya kumaliza kama ya malaria. Rudi kliniki vidonge vikiwa vimebaki vya siku 5, kwa sababu siku ya kliniki ikiangukia sikukuu au dawa zikachelewa, bado una akiba.

Kikohozi cha wiki 2 au zaidi, kutoka jasho usiku, kupungua uzito: omba kupimwa kifua kikuu. Kipimo na dawa ni bure. Sampuli mbaya ndiyo inayorudisha watu, kwa hiyo fanya hivi:

1. Asubuhi kabla ya kula, sukutua kwa maji matupu.
2. Toka nje penye hewa, mbali na watu.
3. Vuta pumzi ndefu mara mbili, ya tatu ukohoe kutoka kifuani.
4. Temea ndani ya kopo, funga kifuniko barabara, peleka siku hiyohiyo.

Mate mepesi yenye povu hayafai. Kinachotakiwa ni kohozi zito. Dawa za kawaida ni miezi 6, na mtego uko mwezi wa pili, kikohozi kimekatika, mwili umerudi, mtu anaona amepona. Akiacha hapo, vijidudu vilivyobaki vinaweza kurudi vikiwa sugu.

Kwa mjamzito au mtoto mchanga aliyezidiwa, piga 115, namba ya m-mama. Ni bure, na anayebebwa halipii usafiri. Taja mtaa na alama inayoonekana kutoka barabarani, kama msikiti, shule au mashine ya kusaga, kisha mtu asimame hapo na tochi. "Nyumba ya bluu" haimsaidii dereva saa nane za usiku. Swali la afya lisilo la dharura lina 199, nayo ni bure.

Aliyebakwa asiambiwe aende kwanza polisi wakati anavuja damu. Huduma ya dharura inaanza, PF3 (fomu ya polisi) inafuata, na fomu hiyo haiuzwi. Dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianzwe haraka iwezekanavyo, na kabla ya saa 72 kwisha. Asioge wala kufua nguo alizovaa. Azibebe kwenye mfuko wa karatasi, maana wa nailoni unatunza unyevu na kuharibu ushahidi.

Kuna jambo ambalo familia nyingi za mjini hapa wanalificha: kijana anayetumia heroini. Bombo kuna kliniki ya methadoni. Dawa ni ya kunywa, kila siku, mbele ya mhudumu. Inaondoa arosto, yaani mateso ya mwili ukikosa heroini, na hailevyi ikitolewa kwa kipimo sahihi. Wakati wa kuandikishwa awepo ndugu wa kumsimamia, kwa sababu kazi ya huyo ndugu ndipo inapoanzia: siku kijana hakufika, ajue kabla ya jua kuzama. Akikosa siku kadhaa mfululizo hawezi kurudi tu kwenye kipimo cha zamani, maana mwili haujakizoea tena na kipimo hicho kinaweza kumuua. Anapimwa upya na kupandishwa polepole. Usimfungie ndani ili "aache mwenyewe". Akitoka na kurudia kete ya kiwango chake cha zamani, hatari ni ileile.

Mazoezi Tanga hayahitaji fedha. Mji ni tambarare na baiskeli ni nyingi. Kutoka Chumbageni hadi Raskazone alfajiri, nusu saa kwa siku, siku 5 kwa wiki, inatosha kwa mtu mzima mwenye presha. Mwenye kisukari abebe pipi mfukoni, sukari isije ikamshuka njiani, na avae viatu vilivyofunika vidole, kwa sababu kidonda asichokihisi cha mguuni ndicho kinachompeleka wodini.