Kumsimamisha mwanamuziki wa mbao kwa mtindo wa Lubaina Himid

Msanii Lubaina Himid alizaliwa Zanzibar mwaka 1954, akapelekwa Uingereza akiwa mchanga, na baadaye akasomea ubunifu wa majukwaa ya maigizo. Usomi huo unaonekana katika kazi yake Naming the Money (2004): watu 100 wa mbao wenye kimo cha binadamu, wapiga ngoma wakiwemo, muziki ukisikika, na mtazamaji akipita katikati yao. Hapa tunatengeneza mmoja, mpiga gitaa wa dansi.

Chora mtu wa sentimita 17 kwenye karatasi yenye miraba ya sentimita 1. Piga miraba ya sentimita 10 kwenye plaiwudi ya milimita 12, kisha hamisha mraba kwa mraba. Atatoka na sentimita 170. Shingo ya gitaa ndiyo inayoharibu kazi nyingi. Ikitokeza peke yake huvunjika wakati wa kubeba, hivyo ipitishe mbele ya bega, na pasiwe popote pembamba chini ya sentimita 6.

Bandika tepu ya karatasi juu ya mstari kabla ya kukata kwa jigso (msumeno mdogo wa umeme), maana meno yake hukata yakipanda na kuchana uso wa mbao. Piga msasa namba 120, kisha 240. Kingo hunywa rangi kupita kiasi: zipake kwanza gundi ya mbao iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Praima (rangi ya kwanza ya kuandaa mbao) ipakwe mara mbili, mbele na nyuma. Ukipaka upande mmoja tu, unyevu utaingia upande wa pili na ubao utapinda.

Tumia rangi za akriliki. Anza na shati, uso uwe wa mwisho. Nakshi zilaze bapa bila kufuata mikunjo. Hivyo ndivyo zinavyosomeka kutoka mbali. Piga wimbo wa dansi na uurudie tena na tena, nafasi za nakshi zifuate mapigo: duara tatu, pengo, duara tatu.

Egemeo la pembetatu la nyuma lifike nusu ya kimo, lifungwe kwa bawaba na skrubu za milimita 10. Ndefu zaidi zitatokea kifuani. Wekea mfuko wa mchanga wa kilo 5 chini.

Mgongo usibaki mtupu. Watu wa Himid walibeba mgongoni jina lao halisi, jina walilobandikwa utumwani, pamoja na kazi waliyoifanya. Mwandikie wako vivyo hivyo, kwa herufi za sentimita 2.