Ofensi bora ya vyuo ya muda wote kwa dola 15 tu, pesa ziende wapi

Mchezo wenyewe uko hivi, unaunda ofensi (upande unaoshambulia) ya futiboli ya Kimarekani kwa wachezaji wa vyuo wa enzi zote, una dola 15 za kufikirika, kila mchezaji ana bei kuanzia 1 mpaka 5, na unatakiwa ujaze nafasi sita: kotabeki (mrusha pasi), ranibeki (mkimbiza mpira), marisiva wawili (wadaka pasi), taiti endi (anadaka na kuzuia) na jamaa mmoja wa laini ya mbele (wanaowazuia mabeki). Wengi wanabeba kotabeki wa 5 na ranibeki wa 5 fasta, inabaki 5 kwa watu wanne, hapo timu imeshakufa.

Weka akilini kwamba hii ni futiboli ya vyuo. Watu wanapanga bei kwa kumbukumbu za NFL, ligi ya kulipwa, na bei chee zinajificha hapohapo. Tom Brady, kotabeki aliyetamba NFL, jina lake litakuwa ghali siku zote, ila pale Michigan mwaka 1999 alikuwa anagawana muda na kotabeki mwenzake Drew Henson na kwenye drafti ya 2000 (timu za NFL zinapochagua wachezaji wa vyuo) alichukuliwa wa 199, usiingie mkenge. Sasa mcheki kotabeki Tommie Frazier wa Nebraska, NFL hakucheza hata mechi moja, alisumbuliwa na damu kuganda mguuni, lakini chuo alibeba ubingwa 1994 na 1995 mfululizo, na ile Fiesta Bowl, fainali ya msimu wa 1995, waliyoichapa Florida 62-24 alikimbia yadi 75 mpaka tachidauni (kufikisha mpira mwisho wa uwanja wa wapinzani) huku mabeki wanamdandia na kudondoka, wanamdandia na kudondoka, mpaka leo nikiiangalia nasimama. Ukimkuta kwa dola 2 chukua haraka.

Ranibeki ndo mwaga hela, Barry Sanders dola 5 bila kujiuliza. Mpime mtu kwa msimu wake bora, maana huyu kabla ya hapo alikuwa anakaa nyuma ya Thurman Thomas pale Oklahoma State, halafu 1988 akapata nafasi akakimbia yadi 2,628 na tachidauni 37 kwa mechi 11 tu. Mechi 11 jamani!

Laini usiifanyie ubahili. Orlando Pace wa Ohio State dola 4, alishinda Lombardi, tuzo ya watu wa laini, mara mbili, 1995 na 1996, na mwaka huo wa pili akashika nafasi ya 4 kwenye Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, mtu wa laini huyo, ambaye mpira haushiki kabisa.

Hapo umebaki na dola 4 na zinatosha, kwa sababu Frazier ni wa kukimbia, hatarusha pasi 50, kwa hiyo risiva wa dola 5 utakuwa umemnunua aje kusimama tu. Michael Crabtree wa Texas Tech kwa 2, 2007 alidaka pasi 134. Peter Warrick wa Florida State kwa 1, huyu ndo aliimaliza Virginia Tech kwenye fainali ya msimu wa 1999. Taiti endi wa dola 1 mchague kwa kublock tu, yaani kuzuia wapinzani, akae upande wa Pace, Sanders apite hapohapo.